Jiko la presha la umeme la lita 6: linamfaa nani Uganda, na ukague nini kabla ya kulipa

Majiko yanayojadiliwa hapa ni yale ya presha ya umeme, ya lita 5 hadi 6, yenye wati 900 hadi 1,000. Yanapangwa mbele ya maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Kampala, na siku hizi yanapatikana pia Mbarara, Mbale, Gulu na Arua. Majina kwenye maboksi ni mengi, ila ukiyafungua utakuta viungo vilevile: sufuria ya ndani, sahani ya joto, kihisi joto cha katikati, swichi ya presha, na mfuniko wenye mpira wa silikoni. Kwa hiyo sitataja kampuni. Ninapima kifaa chenyewe, kwa chakula chetu na kwa umeme wa Yaka, yaani mita za kulipia kabla.

Nianze na hukumu. Nyumba yenye mita yake, inayopika maharagwe, utumbo au nyama ngumu mara tatu kwa wiki au zaidi, inunue bila kusita. Nyumba inayoishi kwa posho (ugali wa mahindi) na mboga za majani haitapata faida kubwa, kwa kuwa vyakula hivyo havihitaji presha. Na mpangaji wa muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, anayetumia mita moja na majirani sita azungumze na mwenye nyumba kwanza, maana wengi hukataza jiko lolote la umeme, na kulipia bei ya balbu huku unapika ni kutafuta ugomvi.

Sababu ya jiko hili kufanya kazi vizuri hapa ni mwinuko wa nchi yetu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kwenye nyuzi 93. Yakishafika hapo hayapandi tena hata ukijaza sigiri makaa mpaka juu. Moto wa ziada unatoa mvuke tu. Maharagwe yanaiva polepole kwa sababu hiyo, na wakazi wa Kigezi na wa Kapchorwa wanaijua taabu hiyo kuliko sisi wa mjini. Jiko la presha hufungia mvuke ndani. Likiongeza kilopaskali 70 juu ya hewa ya nje, maji hufika nyuzi 113 hivi kabla ya kuchemka. Tofauti hiyo ya nyuzi 17 ndiyo inayokata saa tatu za maharagwe hadi chini ya saa moja ya presha.

Sababu ya pili ni kwamba likishafika presha, halivuti umeme mfululizo. Sahani huzima, presha ikishuka kidogo inawaka tena kwa muda mfupi. Kuta mbili za mwili wake zinazuia joto lisitoroke. Jiko la koili halina uwezo huo: linawaka chini ya sufuria iliyo wazi, joto linapotea pembeni na juu, na maharagwe yale yale yanaweza kula yuniti 2 au zaidi.

Hesabu ya maharagwe ni hii. Chukua gramu 750 za maharagwe ya Nambale, makavu, zisizolowekwa, na maji lita 2. Kupasha mchanganyiko huo kutoka kwenye joto la bombani hadi nyuzi 113 kunahitaji yuniti 0.25 hivi. Ongeza joto linaloingia kwenye sufuria na mwili wa jiko, na umeme wa kushikilia presha kwa dakika 45, utafika kati ya yuniti 0.35 na 0.45. Ukiyaloweka usiku kucha, dakika 20 hadi 25 za presha zinatosha. Umeme unaookoa kwa kuloweka si mwingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya matumizi ni kule kupasha mwanzoni. Faida ya kuloweka ni muda, na tumbo kutulia.

Hapo kuna jambo ambalo maboksi hayalisemi, na wanunuzi wengi hulichukulia kuwa ubovu. Dakika 45 unazoweka hazianzi kuhesabiwa unapobonyeza. Jiko hupasha kwanza, na kwa kipimo nilichotaja hupita robo saa hadi dakika 20 kabla kipini cha mfuniko, kile kinachoinuka presha ikijaa, hakijapanda. Baadaye unahitaji dakika 10 hadi 15 za presha kushuka yenyewe. Kwa jumla ni karibu saa moja na robo. Muuzaji anayekuambia maharagwe huiva kwa dakika 30 amehesabu sehemu moja tu ya kazi.

Usijaze maharagwe kupita nusu ya sufuria, yaani lita 3 kwa jiko la lita 6, maji yakiwemo. Yanavimba, na povu lake hupanda na kuziba njia ya mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta ya kula hupunguza povu hilo. Vyakula vingine visipite theluthi mbili. Chumvi na nyanya viingie maharagwe yakishalainika. Hasa nyanya, kwa kuwa ukali wake huchelewesha ganda kulainika. Yakiiva, usigeuze kofia ya kutolea mvuke mara moja. Povu litaruka kupitia vali, litachafua ukuta na linaweza kukuunguza mkono. Acha kipini kishuke chenyewe.

Utumbo wa ng'ombe ulioshwa vizuri, dakika 35. Kongoro, dakika 75 hadi 90, na hapo ndipo jiko hili linapowapita wengine wote, maana sigiri ingekaa na kazi hiyo mchana mzima. Kwa katogo, pika utumbo kwanza, toa presha, weka ndizi zilizomenywa juu yake na urudishe presha kwa dakika 8. Ukiviweka vyote pamoja tangu mwanzo, ndizi zitageuka uji.

Matoke ya kuponda yanawezekana, ila yanataka mpangilio. Weka kile kiegemeo cha chuma kinachokuja na jiko, mimina maji mililita 400, funga kilo moja na nusu ya ndizi zilizomenywa ndani ya majani yake, na upike dakika 25. Toa, ponda ukiwa umeyafunika kwa majani, rudisha kwa dakika 10. Yanakuwa laini na ya manjano jinsi inavyotakiwa. Kinachokosekana ni ile harufu ya majani yaliyokaa saa nyingi juu ya moto mdogo, na kwa sherehe ya watu thelathini lita 6 hazitoshi kitu. Kwa familia ya watu wanne au watano, kila siku, ni chakula kizuri kabisa.

Mchuzi wa karanga usiupike kwa presha. Unga wa karanga huzama, hushika chini, kihisi joto kinaona sahani imepita kiasi na jiko linajizima au linaonyesha alama ya kuungua. Upike mfuniko ukiwa wazi, kwa kitufe cha kukaanga, ukikoroga. Na posho iache. Kusonga kwa mwiko kunaikandamiza sufuria na kuizungusha juu ya kihisi cha katikati, ambacho kimekaa kwenye springi ndogo. Springi ikipinda, jiko halijui tena joto lake. Kalo, yaani ugali wa wimbi, ni vivyo hivyo. Nyumba nyingi zitabaki na sigiri ndogo au gesi kwa kazi hiyo, na hakuna ubaya.

Sasa bei ya umeme. Tangu Aprili 2025 usambazaji ulipotoka kampuni ya Umeme kwenda UEDCL, kampuni ya serikali, mita za Yaka zimeendelea na utaratibu wa ngazi uliowekwa na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, kwa wateja wa nyumbani. Kwa bei za mwaka 2025, yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kutoka ya 16 hadi ya 80 bei inakaribia shilingi 750. Kutoka ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412, na hii ndiyo inayoitwa bei ya kupikia. Ukipita 150 unarudi kwenye bei ya kawaida. ERA huzipitia bei hizi kila robo mwaka, kwa hiyo tazama tangazo jipya kabla ya kupiga hesabu yako. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18.

Chukua nyumba inayopika kwa jiko hili mara mbili kwa siku, yuniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Kama tayari inatumia yuniti 90 kwa friji, pasi na televisheni, yuniti zote 30 za jiko zinaingia kwenye bei ya 412: shilingi 12,360, na VAT inakuwa karibu 14,600. Kama inatumia 60, yuniti 20 zinalipiwa kwa bei ya juu na 10 kwa bei ya kupikia. Jumla ni karibu 22,600 pamoja na VAT. Kama ni chumba chenye balbu na redio kinachotumia yuniti 20, zote 30 zinaangukia bei ya juu, na gharama inafika karibu 26,600.

Hilo ni kosa la mpango wenyewe, na linanisikitisha. Bei ya kupikia imewekwa mahali ambapo mwenye matumizi makubwa anaifikia kirahisi, na yule anayenunua makaa kwa kaveera (mfuko mdogo wa plastiki), ambaye ndiye hasa angetakiwa kuvutwa aache makaa, haifikii kamwe. Nchi ina umeme wa kutosha kulifanyia jambo hili kazi. Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa rasmi Septemba 2024, juu ya Isimba ya megawati 183 ya mwaka 2019 na Bujagali ya megawati 250 ya mwaka 2012. Uwezo wa mitambo yote umepita megawati 2,000, na sehemu kubwa ni ya maji. Kusogeza ngazi ya kupikia ianze mara tu baada ya zile 15 za mwanzo kungebadilisha hesabu ya nyumba ndogo zote mjini.

Hata hivyo linganisha na makaa. Anayetoa shilingi 2,000 kwa siku anatoa 60,000 kwa mwezi. Jiko likichukua kazi ya vyakula vizito tu na makaa yakabaki nusu, mwenye yuniti 90 anaokoa karibu 15,400 kwa mwezi. Mwenye yuniti 20 anaokoa 3,400 tu. Majiko ya lita 6 kwa kawaida huuzwa kati ya shilingi 200,000 na 400,000. Piga hesabu kwa jiko la 250,000: wa kwanza anarudisha fedha yake kwa miezi 16 au 17. Wa pili atachukua miaka sita, na kabla ya hapo jiko litakuwa limebadilishwa mipira kadhaa. Kwake inafaa tu kama makaa yanapungua zaidi ya nusu, au kama moshi na gesi ya makaa ndani ya chumba kimoja vinamhangaisha, jambo ambalo lina uzito wake. Gesi hiyo, kaboni monoksidi, haina harufu, na huua watu waliolala na sigiri ndani.

Na bei ya makaa haielekei kushuka. Amri ya Rais ya Mei 2023 ilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini, Acholi ikiwa kitovu cha malalamiko, baada ya miti ya mishea na mingineyo kukatwa kwa malori na malori. Tanuri la udongo la kienyeji linakula kilo tano za kuni au zaidi kutoa kilo moja ya makaa, kisha sigiri ya kawaida inapoteza sehemu kubwa ya joto la kilo hiyo. Kila sufuria ya maharagwe inayohama kutoka huko inaokoa kuni nyingi kuliko macho yanavyoona.

Ukifika dukani, chagua kwanza kati ya aina mbili. Moja ina kitufe cha kuzungusha kama saa. Nyingine ina vitufe vya kugusa na tarakimu zinazowaka. Kwa umeme wetu ninapendekeza ya kuzungusha, hata kama inaonekana ya kizamani. Umeme ukikatika katikati ya mapishi na kurudi, ya kuzungusha huendelea pale ilipoishia. Nyingi za tarakimu husahau, zinakusubiri ubonyeze upya, na ukiwa kazini utarudi ukute maharagwe nusu mabichi. Pia mshtuko wa volti umeme unaporudi huunguza kwanza bodi ya saketi, ambayo kwa ya kuzungusha haipo. Ukikatikiwa umeme baada ya presha kupanda, usifungue. Joto lililofungiwa litaendelea kupika kwa dakika 15 au zaidi.

Omba jaribio la maji palepale dukani. Vikombe vitatu vya maji, mfuniko, kofia imefungwa, dakika 5. Kipini kipande, na mvuke usitoke pembeni ya mfuniko hata kidogo. Jaribu kuufungua mfuniko kwa wepesi kipini kikiwa juu: unatakiwa ugome. Ukifunguka, liache jiko hilo. Tazama waya wake: uwe na pini tatu, wenye alama ya ampea 10 au zaidi. Sufuria ya chuma cha pua hudumu kuliko ile nyeusi isiyoshika chakula, ila nyeusi ni rahisi kuosha. Ukichukua nyeusi, tumia mwiko wa mbao tu. Tafuta alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na uondoke na risiti yenye muhuri na namba ya jiko. Nunua mipira miwili ya ziada siku hiyo hiyo. Kwa lita 5 na 6 mpira huwa wa sentimita 22 kwa ndani, lakini upimishe kwenye mfuniko wako, kwa kuwa unene unatofautiana. Mpira mweusi wa presha kuka ya jiko la gesi haufai hapa.

Kabla ya kulichomeka nyumbani, soketi ikaguliwe. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halina waya wa ardhi nyuma yake. Fundi mwenye kibali cha ERA hupima kwa dakika moja: kati ya moto na ardhi isomeke karibu sawa na kati ya moto na nyutro, yaani karibu volti 240. Kama haisomi, mwili wa chuma wa jiko unaweza kukupiga shoti siku maji yakiingia ndani. Jiko la wati 1,000 linavuta ampea 4 hivi, kiasi ambacho soketi nzuri inabeba bila shida. Tatizo huja kwenye kebo za kurefusha za bei rahisi zenye shaba nyembamba, hasa birika la wati 2,000 likichomekwa hapo hapo. Tumia kebo ya milimita 1.5 za mraba. Baada ya robo saa ishike; ikiwa ya moto, iondoe. Mtambo mdogo wa sola wa kulipa kidogo kidogo, ule wa balbu na simu, hauwezi kuendesha jiko hili kabisa.

Kwenye mitaa iliyosongamana volti hushuka jioni, na nguvu ya jiko hushuka kwa kasi zaidi ya volti. Kwenye volti 190, jiko la wati 1,000 linatoa wati 630 hivi. Kupasha kunachukua karibu nusu saa badala ya dakika 20. Si ubovu. Pika mchana, au saa nne usiku kwa chakula cha kesho.

Ubovu wa kweli mara nyingi huanzia kwenye mfuniko. Mvuke ukitoka pembeni, toa mpira, uoshe kwa sabuni, ondoa mabaki kwenye mfereji wake na uurudishe ukiwa umekaa sawa mzunguko mzima. Ukiwa mgumu au umepasuka, badilisha; kwa matumizi ya kila siku mpira hudumu mwaka mmoja hivi. Kipini kisipopanda ingawa maji yanachemka, kagua kimpira kidogo kilicho chini yake, ambacho hupotea kwenye maji ya kuoshea vyombo. Mvuke usipotoka unapogeuza kofia, njia imeziba: subiri lipoe kabisa, kisha toa kichujio cha ndani ya mfuniko na ukisugue kwa mswaki. Baada ya kila mapishi pangusa chini ya sufuria na juu ya sahani ya joto. Punje moja ya mchele hapo katikati inainua sufuria, na chakula kinaungua upande mmoja. Mwili usioshwe kwa maji kamwe.

Jiko likizima kabisa, bila taa, baada ya kuwaka bila chakula au bila sufuria, mara nyingi fyuzi ya joto imekatika. Iko kwenye waya chini ya sahani, ndani ya soksi nyeupe inayostahimili moto. Ni kifaa cha bei ndogo. Fundi aweke nyingine yenye ampea na nyuzi zilezile zilizoandikwa juu yake, na aibane kwa vibanio. Akitumia risasi na pasi ya kuchomelea, joto la kuchomelea lenyewe litaikata. Akitaka kuunganisha waya moja kwa moja ili jiko liwake leo leo, mkatalie na uondoke na jiko lako, kwa sababu bila fyuzi hiyo hakuna kitu kingine kitakachozuia sahani kushika moto siku kihisi kitakapokwama.